Ukimya Alioacha Elipidius

Kozi ya michezo na afya ya darasa la sita tuliiandaa wawili, mimi na Mwalimu Elipidius, hapa shuleni kwetu Songambele. Mazoezi ya uwanjani yalikuwa yangu. Yeye alirekodi maelezo kwenye simu, na kila mahali akaacha ukimya kidogo ili watoto wapate kujibu. Kisha presha ikamuua, tukamzika kibanjani kwake, katikati ya migomba.

Mwalimu mkuu alitaka sauti ibadilishwe. Nilimjibu vibaya: nani atarekodi upya, yeye?

Jumatatu niliwasha spika uwanjani. Watoto wakasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," spika ikaitikia. Hakuna aliyecheka.

"Leo tunajifunza presha. Mkirudi nyumbani, muulizeni baba kama amepima. Hebu ulizeni sasa, niwasikie."

Kokwijuka, binti wa Elipidius, akatoka kwenye mstari na kuisogelea spika.

"Baba, ulipima?"

Nilikimbilia kuizima, nikachelewa.

"Vizuri sana," Elipidius alisema kwa furaha. "Sasa tukimbie."