Vipimo vya Aliyeketi

Fundi alikuwa na kawaida moja ambayo hakuwahi kuihoji kwa miaka ishirini na sita. Kila aliyeingia chumbani kwake kushonewa aliambiwa asimame wima, atazame mlango na asizuie pumzi. Kisha futi ilishuka kutoka begani hadi kisigino, na namba zikaandikwa kwa chaki kwenye ukingo wa meza ya kukatia. Hata waliopinda mgongo aliwabembeleza kwa maneno matamu mpaka wakanyooka.

Kwa hiyo mwaka jana, alipomshonea binti wa kaka yake joho la sherehe ya kufunga mwaka, alifanya alichokijua. Alimlaza juu ya meza, akamnyoosha, akampima kama mtu aliyesimama.

Binti huyo alikuwa na miaka minane wakati huo. Nyumbani walimwita Meneja, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kuomba kitu, aliagiza. Miguu yake haikumbeba, na shuleni alikwenda kwa kiti cha magurudumu.

Joho lilipendeza likiwa limetundikwa ukutani. Siku ya sherehe, watoto sitini walipoanza msafara kutoka getini kwenda ukumbini, kitambaa kilichozidi mgongoni kilichomoka nyuma ya kiti, gurudumu likakimeza, na Meneja akavutwa shingo mpaka akatazama juu. Hakuumia. Lakini msafara ulisimama, wazazi wakasimama, mwalimu mmoja akakimbilia mkasi. Meneja alisogezwa pembeni akiwa na nusu ya joho, akawatazama wenzake wakipita mbele yake, safu baada ya safu, hadi wa mwisho.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya sherehe, mwenyekiti wa kamati ya sherehe alimpelekea mama yake Meneja ujumbe. Wakati wa msafara Meneja ataketi meza kuu na wageni wa heshima, naye atapewa shada la maua. Mama mtu akaubeba ujumbe ule hadi kwa Fundi, wifi yake, asijue acheke au alie. Akaeleza kwamba mtoto ameusoma, hakusema neno, na kwa Meneja kutosema neno kulikuwa kama homa.

Fundi aliusoma mara mbili, akaukunja.

"Wamemheshimu mpaka wamemtoa," akasema.

Hata hivyo hakumlaumu mwenyekiti. Alimfahamu kuwa ni mtu mpole, mpenda orodha, na kilichomtisha mwaka jana ni mshono wa Fundi mwenyewe. Akamwendea ofisini, akakiri kosa lake, akaomba nafasi nyingine. Mwenyekiti alikuna kidevu, kisha akatoa sharti. Alhamisi baada ya masomo, Meneja avae joho jipya, aende kutoka getini hadi ukumbini na kurudi, mara mbili, bila kuguswa na mtu. Likinasa mahali popote, basi ni meza kuu.

Asubuhi iliyofuata Fundi alifunga mlango wa chumba chake cha kazi, akavaa joho la mteja, akavuta kiti mbele ya kioo na kuketi. Alichokiona kilimtia aibu. Nyuma, kitambaa kilipanda hadi kisogoni kama nundu. Mbele, magoti yalibaki nje. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye cherehani maisha yake yote, wala hakuwahi kutazama nguo inamfanya nini mtu aliyeketi.

Meneja alipoletwa, hakuna aliyemnyoosha wala kumlaza. Fundi alipiga magoti sakafuni, akapima kutoka shingoni hadi kwenye kikalio cha kiti, kisha kutoka kooni, kupitia juu ya magoti, hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Shangazi, mbona leo wewe ndiye umepiga magoti? Umenikosea nini?"

"Nimekukosea vipimo. Tulia."

"Basi nimekusamehe. Lakini mifuko iwe miwili."

Akakata upya kabisa. Nyuma fupi, iishie pale mwili unapogusa kiti. Mbele ndefu. Ubavuni akabana, upepo usipate pa kuingilia. Mgongoni akaacha wazi na kuweka vifungo viwili, ili mtoto atangulize mikono bila mtu kumnyanyua kama gunia.

Alhamisi, mwenyekiti alisimama getini na daftari lake. Meneja akaondoka, akaenda vizuri, akageuka ukumbini, akaanza kurudi. Katikati ya njia ya saruji mkono wa kulia wa joho, uliokuwa mpana kama wa wenzake wote, uliingia kati ya kiganja na gurudumu. Kiti kikazunguka nusu duara na kusimama.

"Limenasa," mwenyekiti akasema, bila furaha yoyote.

Fundi aliona kosa lake papo hapo. Alikuwa amempima mtoto ametulia. Hakumpima akiwa mwendoni. Akatembea hadi pale, akachomoa mkasi mkobani, akamwambia Meneja asukume kiti kama siku zote, asijionyeshe. Alitazama viwiko vikienda na kurudi mara tatu, mara nne. Kisha akaikata mikono yote miwili ya joho juu kidogo ya kiwiko, akaibana kwa pini.

"Sharti lako lilikuwa lisinase," akamwambia mwenyekiti. "Mimi nilikuwa sijamaliza kushona. Sasa nimemaliza. Anza kuhesabu upya."

Mwenyekiti akafungua ukurasa mpya.

Meneja alikwenda akarudi. Akaenda tena, akarudi, jasho likimtiririka puani, na hakuna aliyemgusa. Mwenyekiti akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akasema basi, ataingia kwenye msafara, ila awe safu ya mwisho, asije akaharakishwa.

"Nikikwama huko nyuma, nani atajua?" Meneja akauliza.

 Mwenyekiti akasema labda mbele kabisa.

"Mbele sitaki. Mbele huna wa kupiga naye soga. Mimi ni safu ya saba, na darasa langu."

Ikaandikwa safu ya saba.

Usiku ule mama mtu alidhani kazi imekwisha. Fundi akamwonyesha rundo la majoho hamsini na tisa ya wenzake Meneja, aliyopewa na shule kushona, yote ya mikono mipana, akamuuliza kama anataka mwanawe awe peke yake mwenye mikono mifupi. Basi wifi wawili wakakata mikono mia moja na kumi na minane kwa siku nne, wakaipinda na kuipiga pasi, na walipomaliza vidole vya mama mtu vilikuwa vimejaa malengelenge.

Siku ya sherehe Fundi alisimama kando ya mlango wa ukumbi. Safu zikaja. Ya tano, ya sita. Akanyoosha shingo kuitafuta ya saba, akaona vichwa na mabega ya majoho ya njano tupu, hakuna kiti.  Akainua mkono kumwita mwenyekiti.

Safu ilipofika mlangoni ikapanuka kidogo, na Meneja alikuwamo ndani yake, amezibwa pande zote na wenzake, akisukuma kiti huku akibishana na jirani yake kuhusu nani anaharibu mstari. Alipita hatua moja kutoka kwa shangazi yake bila kumwona.

Fundi akashusha mkono taratibu, akajibanza ukutani kuipisha safu ya nane.