Mkono wa Fabiani

"Shika hapo, usiachie," Fabiani alisema, na Kores, mwenye pikapu, akaibana kompresa ndani ya bonet huku fundi akikaza nati ya mwisho kwa spana namba kumi.

Kompresa ilisimama wima, kama inavyotakiwa. Tarumbeta mbili nyekundu za honi mpya zilikwisha kufungwa nyuma ya grili, midomo yake ikiinama kidogo ili mvua isijae ndani. Waya ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, ukaingia kwenye rilei, swichi ndogo ya umeme, bila kuning'inia popote. Kwa miaka thelathini hapa Maisaka, Fabiani hakuwahi kumkabidhi mtu kazi chafu.

Juu ya meza redio ilikuwa ikinguruma.

"Mama yangu anakaa peke yake kule boma," Kores alisema. "Nikifika na mbuzi inatakiwa awe ameshafungua zizi. Honi ya zamani anaisikia nikiwa mlangoni. Nataka aisikie nikiwa bado korongoni."

"Eeh. Hiyo ni nzuri," Fabiani alijibu.

Kores alimtazama kidogo. Akaenda, akaizima redio. "Nzuri nini, mzee? Nimesema mama yuko peke yake."

"Nimesikia. Ni redio tu hiyo."

Siku zote ilikuwa ni redio. Tangu masika ya mwaka jana sikio lake la kulia liliziba kabisa, na la kushoto likabakiza upenyo. Hakumwambia mtu. Nani angempelekea gari fundi umeme asiyesikia rilei ikigonga? Basi akaacha kwaya, maana alianza kuimba wenzake wakiwa wamemaliza. Akaacha vijiwe vya chai, ambako watu watatu husema kwa pamoja na wote hucheka kabla yeye hajajua kuna nini. Salamu zilimpita njiani bila yeye kuzijibu, na watu wakaona kwamba Fabiani, tangu azike mkewe, amekuwa na maringo. Wakamwacha na maringo yake. Jioni alikula ugali akiuangalia ukuta.

Kila honi aliyofunga aliipima kwa namna moja, na madereva wote waliijua. Mwenye gari anaendesha hadi kwenye kona, anapiga mara moja, na Fabiani, akiwa amesimama mbele ya karakana, anainua mkono. Mkono ukiinuka, kazi imepita. Hakuna aliyewahi kuondoka bila mkono ule.

Kores aliwasha gari. Vumbi likamfuata hadi konani, taa za breki zikawaka. Fabiani akasubiri. Upepo kutoka mlima Kwaraa ulimpuliza shati, naye akauhisi bila kuusikia. Akahesabu moyoni hadi kumi. Akainua mkono.

Pikapu ilirudi taratibu. Kores alitoa kichwa dirishani, karibu kabisa na fundi.

"Mzee, umeinua mkono."

"Imelia safi. Nenda na amani."

"Sijapiga bado. Kulikuwa na mama anavusha punda, nikawa namsubiri."

Fabiani aliitazama spana mkononi mwake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: alikuwa akimpungia mtu. Lakini akamwona yule mama wa boma asiyemjua, amesimama kando ya ua wa miiba wa zizi, akingoja sauti isiyofika.

"Sisikii," alisema. "Hili la kulia limekufa. Hili jingine linasikia kidogo, mtu akiwa karibu."

"Tangu lini?"

"Masika ya mwaka jana."

"Nani anajua?"

"Wewe."

Kores alishuka garini. "Na sisi tunasema fundi anaringa! Juzi mnadani nilikuamkia mara tatu, mzee. Nikasema, huyu sasa anataka nipige magoti."

"Ulikuwa upande gani?"

"Kulia."

"Basi uliamkia ukuta."

Kores alicheka kwa kelele, kisha akazunguka, akasimama kushoto kwake. "Shikamoo."

"Marahaba," Fabiani alisema, na sauti yake ikakwaruza kama mlango wa nyumba iliyokaa bila watu.

Akafungua bonet. "Piga, usiache mpaka nikwambie."

Akaweka kiganja kimoja juu ya kila tarumbeta. Ya kushoto ilitetemeka kwa nguvu. Ya kulia ilisisimka tu, kama mnyama mgonjwa. Akafuata mpira wa upepo kwa vidole hadi alipoukuta umebanwa chini ya bamba alilolikaza mwenyewe. Akaulegeza, akaupitisha juu. Kores alipopiga tena, mtetemo uliingia kwenye viganja vyote viwili, ukapanda hadi kwenye viwiko.

"Hapo!" Kores alipiga kelele, kidole sikioni.

"Hapo," Fabiani alisema. "Sasa nenda tena konani."

"Na mkono?"

"Siinui. Wewe piga tu."

Gari lilipofika konani, Fabiani hakulitazama. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe cha chai. Kuku wawili waliruka kutoka chini ya benchi. Mzee mmoja akajimwagia chai mapajani. Mama Irine, muuza chapati, akaziba masikio kwa mikono yenye unga, mdomo wazi, akicheka au akitukana.

Fabiani alifuta mikono kwenye ovaroli. Akatazama barabara kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia, kisha akavuka kwenda kuwauliza imelia vipi.