Jogoo Ndani ya Hedifoni

Ukifika kitongoji kile cha wafugaji, mwendo wa baiskeli kutoka njiapanda ya Nyakanazi, hutamaliza siku mbili kabla hujaambiwa habari za masikio ya Mzee Mashimba. Na atakayekuambia ni Mzee Mashimba mwenyewe.

Alikuwa karani wa kupima pamba kwa miaka ishirini na sita huko Shinyanga. Alipostaafu akahamia Biharamulo na mke wake Limi, maksai wawili wa kulimia, na mwandiko ambao hakuna aliyeweza kuufikia. Kwa sababu ya mwandiko huo alichaguliwa katibu wa sungusungu, ulinzi wa jadi unaotunza mifugo na nyumba za watu. Lakini masikio yake hakuyajua mpaka alipotimiza miaka sitini na minane, siku binti yake Recho alipomletea kutoka Mwanza simu iliyotiwa sauti ya marehemu babu yake.

Babu huyo, Mzee Shibuda, baba yake Mashimba, alikuwa mpiga zeze. Zamani mwalimu mmoja alimrekodi kwenye kanda akiwa amekaa uani kwake, na Recho aliipata kanda ile, akaihamishia kwenye simu, akaongeza hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni. Mashimba alizivaa, akamsikia baba yake. Alipozivua alisema sauti ni nzuri, ila baba anaimba akiwa ndani ya debe.

Limi alisema yeye haoni debe lolote. Mashimba akamjibu kwamba masikio hayalingani.

Pale Nyakanazi, mkabala na maegesho ya malori ya Kigali na Bujumbura, kulikuwa na duka la kijana aitwaye Danstan, muuza simu, chaja na sola, ambaye madereva walimletea kila kitu kilichoweza kukaa nyuma ya kiti. Mashimba alimweleza habari za debe. Danstan alimwamkia kwa mara ya pili, ingawa shikamoo ilikwisha pita, akamwambia kwamba kwa miaka yote aliyofanya biashara pale hajapata mteja mwenye sikio kama hilo. Wengine wote, alisema, wanataka kelele tu.

Maneno hayo yalimwingia Mashimba kama uji wa moto siku ya baridi. Alirudi nyumbani na hedifoni kubwa za kufunika masikio yote mawili, zenye migongo ya wavu kama chekecheo. Ziliitwa hedifoni za wazi, kwa kuwa hewa na sauti vilipita humo bila kizuizi. Danstan alimweleza kwamba zina omu mia tatu. Mashimba hakujua omu ni nini, lakini mia tatu aliijua, akaiona inatosha.

Simu haikuweza kuzisukuma. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Danstan akasema hilo alilitarajia, ng'ombe mkubwa havutwi kwa uzi, akamuuzia amplifaya. Amplifaya ikataka umeme, umeme wa sola ukataka inveta, na inveta ilipowashwa ikaleta mlio chini ya zeze, mmmm, kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Ikabidi inveta ibadilishwe, na betri pia, maana Danstan alieleza kwamba betri ya zamani hutoa umeme wenye vumbi. Kisha hedifoni zenyewe zilitakiwa zilainike: zilichezeshwa mezani juma zima bila kuvaliwa na mtu. Limi aliyekuwa akipepeta mahindi pembeni alisema ameona ndama wakifundishwa nira, lakini masikio ya plastiki kufundishwa kusikia hajapata kuona.

Juma lilipokwisha Mashimba alikaa barazani, akavaa, akafumba macho. Zeze liliingia limetulia. Ubeti wa pili ulipokuwa unaisha, mbali sana, upande wa kushoto, akawika jogoo.

Mashimba alifumbua macho. Akarudisha wimbo mwanzo. Safari hii jogoo hakuwika pale, aliwika mapema zaidi, lakini aliwika.

Habari zilienea. Kila mgeni aliyekuja alikalishwa barazani, akavikwa hedifoni, akaambiwa asikilize jogoo wa Mzee Shibuda, jogoo aliyeliwa kabla mgeni hajazaliwa. Waliomsikia walipewa chai. Wasiomsikia walipewa chai pia, ila walielezwa kwa upole kwamba masikio ya mnadani si kosa la mtu. Mmoja alipouliza kwa nini jogoo hawiki mahali pamoja, Mashimba alimfafanulia kwamba mashine ya thamani kila ikipata joto hutoa mambo ya ndani zaidi.

Nyuma ya ua wa minyaa aliishi jirani yake Hategekimana, mkulima mpole mwenye asili ya Burundi, asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja. Huyu hakuwahi kuitwa kusikiliza. Kati yao kulikuwa na jambo.

Mwaka uliopita mwizi wa ng'ombe alionekana bondeni na mwano ukapigwa. Mwano ni yowe la hatari, na kwa desturi ya Wasukuma kila mwanamume anayelisikia huinuka na kukimbilia linakotoka, anayejua na asiyejua kuna nini. Hategekimana hakuinuka. Alikuwa amelala na malaria, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Kesho yake katibu Mashimba alifungua daftari la sungusungu akasoma sheria aliyoiandika kwa mkono wake: asiyeitikia mwano atatoa ng'ombe mmoja, asiye na ng'ombe atatoa mbuzi, na mnyama ataliwa na walioitikia. Usingizi si udhuru. Ulevi si udhuru. Kiziwi amesamehewa. Hategekimana alipotaja homa, Mashimba alichovya kalamu, akaongeza kwa mwandiko ule ule mzuri: homa si udhuru. Mbuzi akachinjwa, na ini, kama desturi, akala katibu.

Basi mwezi wa saba mtu mmoja alifunga mashine ya kusaga hatua mia kutoka barazani kwa Mashimba. Ikaunguruma tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa kuwa hedifoni zilikuwa za wazi, Mzee Shibuda akawa anaimba kinuni. Danstan alisikitika naye, kisha akatoa chini ya meza hedifoni nyingine, za kufunga, zenye mito minene ya ngozi. Ukizivaa hizo, alisema, hata dunia ikianguka wewe utaambiwa baadaye.

Ilikuwa kweli. Mashine ya kusaga ilitoweka. Lakini jogoo naye akatoweka.

Mashimba alimtafuta siku tatu. Alirudisha wimbo mpaka Limi akawa anaota zeze. Siku ya nne alipanda baiskeli kwenda Nyakanazi, na Danstan, baada ya kufikiri kidogo, alimpa jibu.

"Jogoo yupo, mzee. Ila hizi ni nzito, amplifaya yako haimfikii. Unahitaji ile ya taa."

Amplifaya ya taa ilikuwa na vioo vinne juu yake vilivyowaka rangi ya makaa. Iliwasili mwezi wa nane, wakati wa kiangazi kikali. Mashimba aliiweka barazani saa tisa alasiri, akavaa hedifoni za ngozi, akafungua sauti robo, kisha nusu, kisha karibu yote. Alikuwa na hakika jogoo yuko nyuma ya ubeti wa pili, amejificha. Alifumba macho ili asikosee.

Wakati huo cheche ya jiko iliruka ikashika nyasi za paa la jiko la Hategekimana. Mkewe akapiga mwano. Ukapokewa na nyumba ya pili, na ya tatu. Wanaume walitoka mashambani na mnadani, wanawake wakabeba ndoo, na kwa kuwa njia fupi ilipita uani kwa Mashimba, kitongoji kizima kilipita mbele ya baraza lake. Walimwona katibu wao amekaa chini ya moshi, macho amefumba, anatikisa kidole polepole. Wengine walimpigia kelele. Wawili walimwamkia, kwa mazoea tu. Hakuitikia.

Hakuna aliyeumia. Jiko liliteketea na viazi vilivyokaushwa vya mwaka mzima. Mashimba alipofumbua macho aliona majivu yakimwangukia magotini, akashangaa nani anachoma majani mwezi huu.

Kikao kiliitishwa uani kwake, kama vikao vyote, kwa sababu mabenchi na daftari vilikuwa kwake. Hata mwenye mashine ya kusaga alizima akaja. Maksai wawili walikuwa wamefungwa kando. Mmoja, mkubwa, mwenye baka jeupe la paji, aliitwa Waziri, na watu walikuwa wanamtazama zaidi kuliko walivyomtazama mwenye mali. Mvua zilikuwa karibu. Maksai mmoja halimi. Akienda Waziri, Mashimba na Limi watarudi kwenye jembe la mkono, wazee wawili, ekari sita.

Asubuhi ile Limi alikuwa amemweleza mumewe taratibu, akimpa uji, kwamba sheria yake mwenyewe imeacha mlango mmoja wazi, na mzee wa umri wake akiupitia hakuna atakayecheka. Mashimba aliusukuma uji.

Mwenyekiti wa sungusungu, anayeitwa ntemi, alikuwa Juvenali, rafiki yake wa miaka mingi. Naye aliujua ule mlango. Alikohoa, akasema umri ni kitu kibaya, yeye mwenyewe siku hizi macho yanamsumbua, na bila shaka kwa mzee mwenzake ni masikio. "Katibu, ukisema tu kwamba husikii vizuri, tutafunga daftari twende zetu."

"Kiziwi?" Mashimba aliinuka. "Mimi? Mimi ninayesikia jogoo aliyewika uani kwa baba yangu?"

Alieleza kwamba hakuusikia mwano kwa sababu ya ubora wa chombo, si kwa upungufu wa sikio, na akataka jambo hilo lipimwe hapo hapo, mbele ya watu. Limi aliinamisha kichwa. Juvenali alivikwa hedifoni za ngozi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia zeze zuri, jogoo hapana. Mashimba alisema hilo alilijua, hizo bado ni changa. Akamvika zile za wavu.

Zeze likaanza. Watu walikaa kimya kana kwamba wao ndio waliovaa. Mara Juvenali akainua kidole.

"Amewika," alisema.

Mashimba aligeuka kuutazama umati, kidevu juu. Lakini umati haukuwa unamtazama yeye. Ulikuwa umegeukia ua wa minyaa, ambako, juu ya ukuta uliobaki wa jiko lililoungua, alisimama jogoo mwekundu wa Hategekimana. Juvenali alivua hedifoni. Jogoo akawika tena.

Hakuna aliyecheka mara moja. Ilichukua muda, kama maji yanavyochukua muda kuchemka. Hategekimana alisubiri wanyamaze, akasimama kwa adabu zake zote.

"Mzee, huyo ni wa kwangu," alisema. "Ana miaka miwili. Ningejua unampenda ningekuletea."

Juvenali alifuta machozi, akarudia kwamba daftari bado lina njia mbili, na hata sasa, hasa sasa, neno kiziwi lingeeleweka na kila mtu. Kwenye benchi la wanawake Limi alikohoa. Mashimba alimsikia vizuri sana. Alimsikia Waziri akicheua. Alimsikia mtu wa nyuma kabisa akimnong'oneza mwenzake: kukurikuu.

Alivuta daftari. Ukurasa uliofunguka ulikuwa ule wa sheria, na mstari wa mwisho, homa si udhuru, wino wake ulikuwa bado mweusi kuliko mingine. Aliutazama kitambo. Angeweza kuandika neno moja dogo na kubaki na maksai wake. Lakini kalamu ile ilikuwa imekwisha mwandika mtu mgonjwa, na mkono wake, uliopima pamba za watu miaka ishirini na sita, haukukubali kujipimia kwa mizani nyingine. Na kusema kweli, neno kiziwi lilikuwa bado linamkwama kooni.

Aliandika: Mashimba Shibuda, katibu, hakuitikia mwano. Ng'ombe mmoja. Kisha, chini yake: hedifoni si udhuru.

Waziri aliliwa Jumamosi. Juvenali aliamua ini lisiende kwa katibu safari hii, likapelekwa kwa Hategekimana, aliyelila polepole, akasema limeiva sawasawa, akauliza kama mzee amemsikia. Mzee alijibu kwamba amemsikia.

Njiani kurudi kutoka kwenye karamu na ndoo tupu, Limi alipanga mambo. Amplifaya ya taa irudi kwa Danstan, na ile ya kwanza, na inveta, na hedifoni za ngozi. Danstan ana ulimi, atawapata wengine wenye sikio. Kitakachopatikana kitafutiwe maksai kabla ya mvua, hata kama ni mdogo. Mashimba alikubali kila kitu, jambo lililomtia Limi wasiwasi, mpaka alipofika kwenye hedifoni za wavu.

"Hizo ziache, mama Recho," alisema.

"Za nini tena, baba Recho? Na amplifaya haipo?"

"Nitasikiliza kwa simu, hata kama ni kidogo." Alitembea hatua kadhaa. "Zile zina jogoo."