Mizizi ya Kiprop

Saa moja asubuhi Damaris alichovya kipimajoto kwenye tangi. Nyuzi ishirini na moja, kama saladi zinavyopenda. Banda hili la Abu Hamour, katika nchi ya jangwa walikokuja kufanya kazi, halina udongo. Saladi husimama kwenye matundu ya mabomba meupe, mizizi ikining'inia majini, na mashine ya kupoza maji hainyamazi kiangazi chote.

Kiprop, anayesafisha mabomba, alimwonyesha mkono. Ngozi ilikuwa ya manjano, mishipa imebaki kijani.

"Daktari wa mboga, hii nayo ni nini?"

"Umekosa madini ya chuma," alisema Damaris. Kwenye majani ndivyo huwa.

Akafanya kosa la wakulima wengi wa maji: akaongeza chakula. Kiprop alimeza vidonge alivyopewa, na manjano ikazidi. Ncha za masikio zikakauka zikawa kahawia. Kufika adhuhuri shingo ililegea, na chupa yake ya maji ilikuwa tupu, ameshaimaliza.

Mmea ukinyauka ndani ya maji, hutazamwa mizizi. Damaris alimwambia avue buti.

Mizizi ilikuwa imetoka visiginoni, ya kahawia, yenye utelezi, ikinuka kama mtaro.

"Usinicheke."

"Sicheki. Unakolala kuna joto?"

"Kambi ya wafanyakazi, Industrial Area, si unajua. AC ilikufa mwezi wa sita. Tuko wanane, bana. Tunaiva tu."

"Mizizi inaoza kwa joto, Kip," alisema akitazama sakafu. "Ikifika kwenye shina, sitakuwa na la kufanya."

Alisimama mlangoni kwa msimamizi, Nick, mpaka Nick akamwona. Akasema AC itengenezwe. Nick alikuja, akainama, akaitazama miguu, akapiga simu kambini. Alisikiliza, akakata.

"Wanasema tungoje. Ule mstari wa nne wa mabomba una nafasi?"

Kuanzia hapo Kiprop alilala kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya bomba. Damaris alikata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, na mipya ikaota, myeupe. Mkewe alipopiga simu kuuliza analala wapi siku hizi, Kiprop alijibu, "Mahali pana baridi nzuri, mama watoto." Ilikuwa kweli.

Wenzake wa chumbani wakaja mmoja mmoja, wameshika buti mkononi. Nick alizisogeza saladi zikabanana, akaagiza mabomba yenye matundu mapana. Damaris alipouliza tena habari ya AC, Nick alishangaa kidogo.

"Si wamepona?"

Kambini walikuja mafundi wawili, wakakitazama kile kiyoyozi, wakaondoka. Chumba cha wanawake alimolala Damaris, ghorofa ya juu, nacho kilikuwa hivyo hivyo, AC imekufa.

Alhamisi Damaris alivua kiatu kutoa kokoto. Haikuwa kokoto. Ulikuwa mzizi mmoja, mwembamba kama uzi, mweupe bado. Alivaa kiatu, akamwomba Nick amwekee nafasi.

Nick hakuinua kichwa.

"Karibu na Kiprop, au upande wa mlangoni?"