Mti Dume Upande wa Pili wa Ukuta

Turan alisikia tingatinga kabla hajamaliza chai yake. Hakuhitaji kuuliza liko wapi. Upande wa pili wa ukuta wa udongo, mdogo wake Esfandiyar alikuwa anang'oa mipistachio yake. Kisima chake kilikuwa kimegeuka chumvi, majani yakawa yanaungua kila kiangazi, na sasa miti ile ilifaa kuni tu.

Kilichomfanya Turan aache chai ni mti mmoja, dume, uliosimama karibu na ukuta. Ulikuwa dume pekee uliobaki katika mashamba yote mawili. Kila masika upepo uliichukua chavua yake na kuivusha hadi kwenye miti jike ya Turan. Pasipo chavua hiyo, miti yake ingezaa vilevile, vichala vizito vya kupendeza macho. Siku ya mavuno angezitia pistachio majini nazo zingeelea zote, mapepe matupu.

Wakati shamba la baba yao linagawanywa, Turan ndiye aliyeonyesha mpaka upite wapi. "Huyo dume mvivu asiyezaa mpeni Esfandiyar," alisema, na wazee wakacheka. Yeye akaongeza kwenye fungu lake mstari mzima wa miti izaayo, kando ya ukuta. Upepo hauzuiwi na ukuta, alijua. Esfandiyar hakubisha, ila tangu siku ile aliuita mti ule shemeji.

Turan alivuka ukuta, akamkuta mdogo wake amesimama kwenye vumbi, mikono mfukoni.

"Karibu, dada. Umekuja kumuaga shemeji?"

"Acha utani. Huo usiung'oe."

"Niuache unywe nini? Maji yangu unayajua. Ukipikia wali huhitaji chumvi."

"Niachie miaka michache tu. Kiangazi hiki nitakata macho ya matawi yake niyabebeshe kwenye mti wangu mmoja, yashike humo. Yakishaanza kutoa maua, fanya utakavyo."

"Miaka michache! Huu haumalizi mwaka, dada. Angalia ncha zake."

Turan aliangalia. Matawi ya juu yalikuwa yamekauka.

"Nitaupa maji yangu."

Esfandiyar alicheka hadi dereva wa tingatinga akageuka. "Maji gani? Zamu yako ya maji haitoshi hata miti yako. Na huu huwezi kuupa kikombe ukaondoka. Udongo umelewa chumvi, lazima uoshwe mpaka chini kabisa. Utamnyima nani?"

Swali hilo alikuwa amelibeba tangu alipoinuka mkekani. Alitazama juu ya ukuta. Vilele vya mstari wake vilionekana, machipukizi yameanza kuvimba.

"Mstari wangu wa ukutani," alisema.

"Mstari wote?"

"Wote."

Kicheko kilimwisha Esfandiyar. Alisugua kidevu. "Wewe ndiye uliyesema ni mvivu."

"Nilisema."

Esfandiyar aliutazama mti, kisha tingatinga. Akampigia dereva mluzi na kumwonyesha azunguke, auache ule mmoja.

Zamu ya Turan ilipofika, Esfandiyar alikuja na beleshi bila kuitwa. Alitoboa tundu chini ya ukuta, akachimba mfereji hadi kwenye shina. Maji yaliupita mstari wa Turan bila kugeuka, yakapenya ukutani. Ardhi upande wa pili iliyameza kwa muda mrefu kabla hayajaanza kusimama.

"Kunywa, shemeji," Esfandiyar alisema. "Leo umekumbukwa."

"Funga mdomo wako uangalie tundu lisibomoke," alisema Turan.

Kisha alikwenda kutafuta msumeno. Miti itakayokosa maji hukatwa vichwa mapema, kabla haijatoa majani ambayo haitaweza kuyalisha. Alianza na ule uliokuwa mzuri kuliko yote.