Chupa Tatu Bila Lebo

Mhudumu wetu wa maabara anapenda usafi kupita kiasi. Likizo iliyopita alizisugua chupa zote kwa sabuni mpaka zikang'aa, na lebo zikaenda na maji. Nyingi nilizitambua kwa rangi. Zikabaki tatu, kila moja ina vipande vya metali ya kijivu ndani ya mafuta ya taa: lithiamu, sodiamu na potasiamu. Ipi ni ipi?

Mkuu wa shule, ambaye ni mjomba wangu wa damu, hakutaka maelezo. "Hiyo ni hatari, mjomba. Ijumaa naifunga maabara, chumba kiwe stoo ya madawati."

Stoo! Hasira zilinipanda. Wanafunzi wangu wasome kemia kwa kutazama ubao?

"Nitazitambua mbele yako. Nikikosea hata moja, chukua chumba."

"Mdomo unao," akasema.

"Na kazi naijua."

Ijumaa mjomba akaja, akasimama nyuma ya kioo cha kinga pamoja na mhudumu na wanafunzi. Nilianza na metali iliyoelea juu ya mafuta. Katika hizo tatu, ni lithiamu tu iliyo nyepesi kiasi hicho. Mbili zilizozama nikazijaribu kwa kisu: moja ilikatika kama sabuni, nyingine ilikuwa laini zaidi.

"Ukishuka safu hii ya jedwali la elementi," nikawaambia, "atomu inanenepa, elektroni ya nje inakaa mbali na kiini, kiini kinashindwa kuishika. Mpole yuko juu, mkorofi yuko chini, na metali yenyewe inazidi kuwa laini. Kwa hiyo hii laini zaidi ni potasiamu." Nilizitaja zote kabla ya kuzigusisha maji.

Lithiamu ikatoa mapovu taratibu. Sodiamu ikayeyuka ikawa kidonge, ikakimbia huku na huku. Nikakata potasiamu, chembe ndogo kama punje ya mchele.

"Mbona unabana? Ongeza!" mjomba akadakia.

"Siongezi."

Ikagusa maji, pu! Mwali wa zambarau, rangi ya potasiamu. Mjomba, mtu mzima na suti yake, aliruka nyuma akamkanyaga mhudumu. Wanafunzi walicheka mpaka machozi. Mimi nilijikaza, lakini furaha niliyokuwa nayo haisemeki.

Mjomba akajifuta jasho, akaliendea jedwali ukutani, kidole chake kikashuka ile safu.

"Na huyu aliye chini ya potasiamu?"

"Rubidiamu. Huyo hasubiri maji, akipigwa na hewa tu anaweza kuwaka."

Akakiondoa kidole haraka.

"Sasa, mwalimu," akasema, na hajawahi kuniita mwalimu hata siku moja, "ukiniletea mahitaji ya maabara ya mwaka ujao, huyo usimwandike."