Nyekundu Juani, Kijani Mvuani

Mara ya kwanza nilipoketi kwenye kiti cha hali ya hewa, katika kituo cha kurushia roketi, nilishindwa kusema neno. Mkurugenzi wa urushaji aliuliza, "Hali ya hewa?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Bi. Clet, mkuu wangu, akainama begani kwangu akanisemea. Roketi ikapaa salama. Mimi nikaenda kulia chooni.

Leo, Ijumaa ya msimu wa karnivali, nilipewa kiti hicho tena.

"Oriane, mwanangu," Bi. Clet aliniambia asubuhi huku akinikatia kipande cha keki, "nakupenda, lakini leo sikusemei. Ukinyamaza, Jumatatu unarudi ofisi ya Cayenne kuwaandikia wakulima habari za mvua ya mihogo."

"Mihogo nayo mipole," akadakia Gaétan, mrusha maputo yetu ya kupimia upepo. "Watasikilizana."

Tulicheka sote.

Jua liliwaka ajabu. Baada ya wiki tatu za mvua, mji wetu wa Kourou wote ulikuwa nje. Mama alinipigia simu kutoka kilimani, alikokwenda mapema kuwahi nafasi nzuri ya kutazamia.

"Wewe, mbingu imeoshwa ikapigwa pasi! Hata mimi ningeirusha hiyo roketi yenu!"

Hilo ndilo kosa la watu wa kwetu. Wakiona bluu, wanasema tayari. Lakini roketi haiogopi kulowa. Inaogopa radi. Na sisi tunaolala mjini tunaogopa upepo, maana roketi ikipasukia hewani, moshi wake wenye sumu utafuata upepo uendako.

Tulikuwa na saa moja tu ya kurusha, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi. Saa nane na nusu Gaétan aliachia puto, na kipimo chake kikaanza kunitumia namba. Kilomita mbili juu, upepo ulikuwa unavuma kuelekea mjini.

"Gaétan, puto lako limelewa?" nilimuuliza kwa simu.

"Halijagusa tone. Niachie jingine?"

"Achia."

La pili likasema yale yale.

"Hali ya hewa?" Ilikuwa sauti ya mkurugenzi, Bwana Vauquelin, akiwa jengo la pili. Bi. Clet alikunja mikono akatazama dari.

Nikafumba macho. Jumamosi za karnivali mimi huwa touloulou. Navaa kinyago na glavu, na gauni linalonifunika hadi shingoni. Namnyooshea kidole mwanamume yeyote ukumbini, naye haruhusiwi kukataa kucheza. Ndani ya vazi lile sijawahi kuona haya. Nikajiambia, hata hawa hawakuoni uso.

"Nyekundu," nikasema kwenye kipaza sauti, yaani tusirushe.



"Rudia?"

"Nyekundu. Upepo wa juu unaelekea mjini."

"Binti, mimi dirishani naona jua tupu."

"Na mimi naona upepo, Bwana Vauquelin."

Mtu mmoja akapiga mluzi. Saa ya kuhesabu ikasimamishwa. Dakika tano baadaye Mama akaniandikia: "Nani huyo mchawi aliyesimamisha roketi kwenye jua hili?" Nikaigeuza simu kifudifudi.

Saa tisa na nusu mawingu yakaja kutoka baharini, mvua ikamwagika kama imetupwa kwa ndoo. Watu mle ndani wakaanza kukusanya karatasi zao. Mimi nilikodolea macho mitambo ya kupimia umeme wa mawingu. Ilikuwa imetulia kabisa. Hapakuwa na dalili ya radi. Nikampigia Gaétan.

"Achia jingine."

"Katika mvua hii?"

"Tafadhali, mjomba."

Alirudi kwenye simu akihema. "Nimelowa hadi soksi! Limekimbilia msituni kama limeiba kuku!"

Msituni! Nikasubiri namba za juu, nikazisoma mara mbili. Upepo ulikuwa umegeuka kote. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na saba.

"Hali ya hewa," Bwana Vauquelin akasema kwa uchovu, "nadhani tukaze moyo tufunge kazi."

"Kijani."

"Nini?"

"Kijani. Hakuna radi, na upepo unakwenda msituni."

"Binti, kunanyesha!"

"Kunyeshe tu. Roketi si paka."

Kicheko kilitoka kila chumba. Bi. Clet alijifuta macho kwa kitambaa cha keki. Bwana Vauquelin aliniomba namba, nikamsomea moja moja bila kutetemeka. Akasema, "Haya. Tuendelee kuhesabu."

Dakika tatu kabla ya saa kumi, mvua yote iligeuka rangi ya chungwa. Vioo vikatetemeka. Mwanga ukapanda, ukapasua wingu, ukazama ndani, na ngurumo ikatupitia kifuani. Niliruka, nikapiga kigelegele ambacho sikujua ninacho.

Bi. Clet alinionyesha kidole changu. Kilikuwa bado kimebonyeza kitufe cha kipaza sauti. Kituo kizima kilikuwa kimenisikia.

"Hali ya hewa," Bwana Vauquelin akauliza polepole, "hicho kigelegele ni nyekundu au kijani?"

"Kijani!" nikapaza sauti, machozi yakinitoka. "Kijani, kijani, kijani!"